Mwandiko Mzuri

Jumatano, 5 Machi

Nyumba tisa leo, miguu inawaka moto. Darasa la Mwalimu Miwani, la watoto wanaochelewa kusoma, lina wazazi kumi na wawili, na mkutanoni hawajawahi kufika zaidi ya watatu. Si kwamba hawajali. Hawaelewi yanayosemwa kule – wilaya, kamati, utaratibu – na anayeogopa kuuliza hujifanya ana kazi. Mimi ndiye katibu wao, fundi cherehani! Walinichagua kwa mwandiko, si kwa akili.

Basi nawaeleza mlangoni, kwa lugha ya nyumbani. Ijumaa afisa elimu anakuja kueleza mipango ya wilaya kuhusu darasa la watoto wetu, njooni msikilize. Baba Pacha, ambaye wanawe wote wawili wako darasa hilo, aliuliza kama kuna kusaini. Nikamwambia unasaini kwamba umefika, basi. Akaitikia: "Haya. Kwa neno lako, Mama Kifungo."

Kifungo wangu naye kasoma "sindano" kwenye boksi, peke yake! Ana miaka kumi. Mwaka jana walimwita mzito, herufi zote kwake zilikuwa wadudu. Mwalimu Miwani ndiye aliyemfungua. Darasani kwao anayemaliza mstari mzima bila msaada hupigiwa makofi na kila mtu. Kifungo hajapigiwa bado. Anayasubiri kama sikukuu.

Ijumaa, 7 Machi

Wamekuja wote. Wote kumi na wawili! Bibi mmoja alikuja na fimbo na kikohozi chake.

Afisa aliongea saa nzima. Kuunganisha rasilimali, sijui kuboresha mgawanyo. Hakuna aliyeuliza, na mimi niliyeahidi kuwaelewesha nilikuwa natikisa kichwa kama mjuzi. Nilipitisha karatasi ya mahudhurio. Safu za jina na sahihi nilichora kwa rula, juu niliacha wazi. Watu walipokwisha kutoka, afisa akasema hajawahi kuona mwandiko mzuri hivi, ila karatasi haina kichwa cha habari. Akanitajia, nikaandika. Sentensi ndefu ya kiofisi. Sifa tamu, jamani. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumatatu, 17 Machi

Darasa linafungwa.

Barua imekuja kwa kila mzazi. Watoto wanahamishiwa shule kubwa mwisho wa wilaya, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, darasa moja watoto sitini. Kifungo kati ya watoto sitini! "Kwa ridhaa ya wazazi wote." Yangu mimi, kama katibu, imeambatishwa nakala ya karatasi ile. Pale juu: Wazazi waliohudhuria na kuridhia utaratibu mpya wa wilaya kuhusu darasa hili.

Na kuridhia. Niliandika mwenyewe. Herufi zimelala vizuri kama mshono, na chini yake majina ya watu walioweka sahihi mahali patupu kwa neno langu.

Mwalimu Miwani anasema pingamizi linapokelewa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Sahihi nane zikipatikana, wilaya lazima isikilize upya. Nilitaka kumwambia. Nikaaga.

Jumanne, 18 Machi

Nimeandika barua ya pingamizi, nimepiga hodi milango kumi na moja. Sahihi niliyopata ni moja – ya kwangu mwenyewe. Muuza mkaa hakunifungulia, na nilimsikia akizungumza ndani. Bibi wa fimbo alificha mkono ndani ya khanga. Kidole chake, alisema, kimeshamponza mjukuu mara moja, kinatosha.

Niliwaambia afisa ametudanganya, karatasi yetu ya mahudhurio imeandikwa juu kwamba tumeridhia. Ni kweli. Lakini nusu ya ukweli ni uongo uliopigwa pasi.

Baba Pacha alikuwa anarekebisha bawaba ya mlango, hakuinuka. "Niletee karatasi ile," akasema. "Nikijua nani kaandika pale juu, nasaini. Na hawa wengine watanifuata." Nikajibu nitaitafuta. Nitaitafuta! Iko kwenye droo ya cherehani, chini ya vitambaa.

Jumatano, 19 Machi

Nimeshona suruali ya mteja miguu yote upande mmoja.

Nilishika mkasi. Kukata pale juu, sentimita nne tu, niseme nakala imekuja hivi. Nilikata kweli kweli hewani, kupima. Kisha Kifungo akaingia, nikajifanya nachonga penseli yake kwa mkasi. Marehemu mama alikuwa akisema mficha uchi hazai. Mama hakuwahi kuwa katibu.

Nimewaita wote kesho saa kumi, darasani.

Alhamisi, 20 Machi

Niko darasani sasa hivi. Wao wako nje.

Walikuja tisa. Nilimpa Baba Pacha karatasi, nzima. Kusoma hajui, na nilipotaka kumsomea akaivuta. "Nimechoka kusomewa na wewe." Akauliza ni mtoto gani atamsomea. Pacha wake wakajificha nyuma ya dawati. Akasimama Kifungo.

Sikumzuia. Ningemzuiaje?

Alisoma kwa kidole. Wa-za-zi. Wa-li-o-hu-dhu-ri-a. Kwenye "kuridhia" akakwama, akarudi nyuma, akaikamata. Akaenda mpaka mwisho, mstari mzima, hakuna aliyemsaidia. Halafu akageuka, uso unang'aa: "Huu mwandiko wa mama!"

Baba Pacha akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Niliandika mkiwa mmeshatoka, afisa ananitajia, sikuuliza maana kwa sababu nilikuwa nimesifiwa. Nikasema pia kwamba karatasi nilikuwa nayo tangu Jumatatu. Hilo hawakuwa wameliuliza, lakini nimechoka.

Bibi wa fimbo alitangulia kutoka. Wengine wakamfuata. Nawasikia chini ya dirisha, sauti zinapanda zinashuka, na sauti ya muuza mkaa ndiyo kali kuliko zote.

Barua iko mezani, na sahihi ni ileile moja. Kesho saa sita. Kalamu kaondoka nayo Baba Pacha, sijui amesahau au vipi. Hapa naandika kwa penseli ya Kifungo.

Kifungo amekaa pembeni yangu, anaumauma kucha. Ameniuliza amekosea wapi. Nimemwambia hajakosea hata neno moja.

"Sasa mbona hawajanipigia makofi?"

Viatu vya Baba Pacha hivyo, mlangoni. Naweka penseli chini, nimpigie mwanangu kwanza.