Maziwa Yenye Malai Usimpe Tena Mzee

Baba Kudra,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji kabla hujawasha moto. Mimi na baba yako tumekwenda hospitali.

Yale maziwa uliyoleta jana kutoka Mabamba ~~yamwage~~ yagandishe mnywe wewe na watoto. Mzee asiyaguse. Leo asubuhi kabla hujaenda dukani ulimjazia kikombe kikubwa, malai yanaelea juu, ukasema, "Ya pakiti ni maji tu ya kiwandani." Hukungoja uone. Tumbo lilimkata, akajichafua kabla hajafika chooni. Mtu mzima alilia huku namwosha.

Nilikueleza alivyosema daktari walipomtoa kifuko cha nyongo. Mafuta ya maziwa tunayochemsha nyumbani hupanda juu yakakaa mazito, na nyongo yake sasa inachuruzika kidogo kidogo, haiyawezi kwa mkupuo. Kiwandani mafuta huvunjwavunjwa yakawa chembe ndogo, tumbo linayameng'enya kwa urahisi. Ukacheka, ukasema daktari huyo hajawahi kufuga ng'ombe.

Nilipokuwa namfuta miguu aliniambia, "Usimwambie mwanangu Gharibu. Ameyaleta kwa mapenzi."

Nikamwahidi. Ahadi naivunja hapa, maana najua kesho ungemjazia tena.

Nunua maziwa ya pakiti. Tukirudi usimuulize kitu, mshike tu mkono ashuke kwenye bajaji.

Mkamwana wa baba yako