Usianzie Ilipozama

Baba,

Nakuandikia kutoka Jedda, familia ninayoifanyia kazi imehamia huku kwa likizo. Jana nilimwambia madam kuwa mkataba ukiisha siongezi. Nilitaka ulijue hilo kwanza.

Mdogo wangu Mwanaisha aliponipigia simu nilikuwa Riyadh, ile nyumba ya Al-Malqa, napiga pasi kanzu. Alisema umeanguka mlangoni mwa msikiti na mazishi ni kabla ya magharibi. Niliomba kusafiri, jibu likawa mafi, hakuna. Nikazimaliza kanzu zile. Tangu hapo kila nikikukumbuka nakuona unaanguka tu, mahali ambapo hata sikuwepo. Na mwenye nyumba, mume wa madam, ambaye hapa sote tunamwita baba, siwezi tena. Namwita bosi. Hajauliza.

Aliyenizindua ni Wafula, dereva wetu wa kutoka Bungoma. Tulikuwa garini tukimngoja madam sokoni, akauliza wewe ulifanya kazi gani. Nikasema uliwasimulia wageni wa Ngome ya Mombasa habari za merikebu ya vita ya Wareno iliyozama pale mbele. Akacheka. "Sister, kama ishazama, stori imebaki wapi? Halas, imekwisha."

Nikakusikia, baba. "Usianzie ilipozama. Kuzama ni siku moja. Kazi ilifanya miaka." Na ulivyokuwa ukiwageuza wageni waipe bahari mgongo, wakashangaa, nawe ukaanzia Bara Hindi, kwenye misaji, miti iliyotoa mbao zake.

Basi nikaanza upya. Mafundi wa Kihindi walioichonga. Miaka ya kutumwa kutoka Goa, makao ya Wareno huko Bara Hindi. Halafu kuzingirwa kwa Ngome, na safari ile ilipofikisha chakula na baruti, watu wa Faza wakifa njaa ndani pamoja na Wareno, na wenzetu wengine wakiwa nje na Waomani. "Babu zetu walikuwa pande zote mbili," ulisema, "kwa hiyo usishangilie." Mwisho kabisa ndipo mwamba na usukani uliovunjika. Kisha wewe, kijana, ukivuta kamba za wazamiaji waliokuja kuichunguza chini ya bahari, mbao zikapimwa, zikarudishiwa mchanga ili zisioze. Madam aligonga kioo, Wafula hata hakumsikia.

Jioni ile nikakuanza na wewe upya. Ile merikebu uliyonichongea kwa ubao wa sanduku la sabuni, ukakataa kuitia mizinga mpaka nikwambie ya kumpigia nani. Ikabaki bila mizinga.

Mwanaisha anasema vijana wa pale Ngomeni sasa wanawaambia wageni kwa pumzi moja: ilikuja, ikazama, karibuni tena. Historia nzima ya merikebu imebaki kichwani mwangu tu, nami nilikuwa naizeesha kwa kupiga pasi.

Madam aliahidi kuongeza mshahara. Akasema mimi ni kama binti yake. Nikamjibu taratibu, "Mimi ni binti wa mtu, madam. Ameniachia kazi yake."

Bosi bado hajasema lolote kuhusu karatasi za kutoka. Nitamuuliza kesho. Asiponijibu, nitamuuliza kesho kutwa, mbele ya chai yake.

Lala salama, babangu. Nikifika Mombasa nitapita Ngomeni kwanza, na mizigo yangu, nisimame pale pako. Nitawageuza wageni, nianzie kwenye misaji. Kaburini kwako nitakuja mwisho. Usinune. Ndivyo ulivyonifundisha.

Binti yako