Hilo Usiwaambie

Kiwanda cha mbao, Molo

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao kutoka kwenye baridi inayogandisha hata maneno mdomoni. Magoti yako yanaendeleaje? Na Mama, bado anakataa kupumzika? Mimi sijambo. Kile kifua kilichonilaza kimepona, kwa neema ya Mungu na kwa mikono ya Mama Chebet, jirani yangu Mkipsigis, aliyeniletea uji na maziwa kila asubuhi kana kwamba alinizaa. Bila yeye mngenizika, Baba.

Sasa sikiliza mambo ya huku. Alikuja mtu wa kwetu anayetaka kura aingie Baraza la Kutunga Sheria. Wenzangu wa kiwandani, watu wa nyumbani wote, wakasema, "Yohana atafsiri, baba yake ni mkalimani wa kanisa." Basi nikasimama kando yake, yeye akisema kwa lugha yetu, mimi nikitoa kwa Kiswahili ili majirani Wakipsigis nao wasikie. Mama Chebet alikuwa mbele kabisa, akinitazama kwa fahari.

Alianza vizuri. Aliyosema juu ya shule na mishahara yalikuwa kweli tupu, nami nilimpenda. Kisha akasema, "Nikishinda, wafugaji hawa tutawahamisha, mashamba yawe yenu." Akanigeukia huku akicheka, "Hilo usiwaambie. Waambie nawapenda kama ndugu zangu."

Sijui kama ni mazoea ya kanisani au ni hasira, lakini nilitafsiri yote: kuhamishwa, mashamba, hata hilo la "usiwaambie". Yeye akasema, "Kijana amechoka," akacheka peke yake.

Sasa wenzangu wananiita msaliti, na salamu zangu hawaitikii. Inaniuma sana. Lakini lililoninyima usingizi ni Mama Chebet, kwa maana maneno yale aliyasikia kutoka mdomoni mwangu, na aliondoka bila kuniaga.

Asubuhi mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, na kibuyu chake cha maziwa.

"Mama, yale maneno hayakuwa yangu," nikasema.

"Najua, mtoto. Yako nayajua. Na huyo mtu wenu akirudi na mkalimani mwingine, sisi tushasikia. Haya, kunywa."

Nilikunywa huku nikilia, nikakukumbuka wewe, Jumapili ile mhubiri wa misheni alipowakemea wanywaji wa pombe ya busaa, na Babu, baba yako mzazi na mnywaji wao, ameketi mbele yako. Ulimtafsiria, hukuruka hata neno. Asante, Baba. Ng'ombe hukunipa, lakini hilo ulinipa, na limenifaa.

Nisalimie Mama, dada yangu aliye shuleni, na shangazi wa ng'ambo ya mto. Na Babu zaidi ya wote. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini Jumapili iliyofuata alirudi, akaketi benchi lile lile mbele yako. Mwambie nimeelewa, siku Mama Chebet aliporudi na kibuyu.

Mwanao akupendaye,
Yohana