Picha ya Kairo Isiyo na Piramidi

Assalamu alaikum, mjukuu wangu Hodan.

Hapa Garissa sote wazima, alhamdulillahi. Mvua imenyesha, na mama yako anakusalimu kutoka dukani.

Umeniuliza kwa nini picha yangu ya Kairo haina piramidi. Wenzako huko chuoni Uturuki wamecheka, eti ayeyo wako alisafiri mbali hivyo kwenda kupiga picha na ngamia.

Nilikuwa msichana, nimemtembelea kaka yangu aliyekuwa akisoma huko. Mjini kulikuwa na maandamano na vifaru, lakini nilikataa katakata kurudi nyumbani bila kuona piramidi. Tulipofika, helikopta ya jeshi ikapita chini kabisa. Ngamia wa watalii akashtuka, akatoka mbio na mtoto wa Kizungu mgongoni. Mwenye ngamia akamfuata na fimbo. Nikamfokea aitupe! Ngamia alipopita karibu nami nikashika kamba yake, nikamsemesha Kisomali, polepole, mpaka akapiga magoti. Nikamshusha mtoto.

"Nani amekufundisha?" mwenye ngamia akauliza.

"Mama yangu, kule Eldas," nikasema.

Kaka ndiye aliyetafsiri. Wiki nzima alikuwa akiwaambia rafiki zake kwamba baba yetu ni karani. Siku hiyo akaongeza mwenyewe, kwa sauti: "Sisi ni wafugaji." Kisha akatoa kamera.

Waambie wenzako piramidi lilikuwepo. Lilikuwa nyuma ya kaka yangu, naye hakugeuka hata kulitazama.

Ayeyo wako