Hodi Tatu Kwenye Wikio

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, Mjini Unguja, Alhamisi tarehe 13 Februari 2025

Jina: Nadra Msabah Hamdani
Umri: Miaka 61
Kazi: Mshona kofia
Makazi: Kiponda, Mji Mkongwe

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Fundi Tahir, aliyetufungia sola nyumbani, mmemweka ndani tangu juzi na hana kosa. Nasikia Bakar, mtoto wa kaka yake Bi Mwatum, amewaambia kuwa Tahir alionekana akitoka chumbani kwa bibi huyo siku ile ile bibi aliyokutwa amekufa ngazini. Ni kweli alitoka huko. Mimi ndiye niliyemtuma.

Nyumba yangu na ya Bi Mwatum zinatazamana, na juu zimeunganishwa kwa wikio, kile kidaraja wanachopitia wanawake kwenda kwa jirani bila ya kushuka njiani. Upande wangu pana mlango wa mbao usio na komeo. Bi Mwatum akiupitia tangu mimi bi harusi. Kanifundisha kupika, kanilelea wanangu, na nikikosea hakunificha.

Kaskazi ya mwaka juzi ilitutesa sana. Mume wangu, Hafiz, ana maradhi ya moyo, na kiyoyozi tulikuwa tukikiogopa kama mgeni mlafi, kwa ule umeme wa kununua. Ndipo tukafunga sola. Ilitufaa, siwezi kusema uongo. Jua lile lile linalotuunguza likawa linaendesha kiyoyozi tangu saa nne asubuhi mpaka alasiri, na umeme wa kununua hatuugusi. Tahir alitwambia tuzibe mianya ili ubaridi usipotee. Akabandika mipira ya kuzibia kwenye kingo za madirisha na za mlango wa wikio. Kazi yake safi. Chumba kikawa kimya, hata adhana tunaisikia kwa mbali.

Bi Mwatum akawa anakuja kwetu kila mchana kupumua, maana chumba chake kiko chini ya bati. Nilimwambia, "Bi Mwatum, wewe sukuma tu uingie. Hodi ya nini?" Akanijibu, "Hata kwa mwanangu wa kumzaa nnapiga hodi, sembuse kwako mwenye mume! Nnapiga tatu. Nsipoitikiwa, nnarudi kwangu." Kwa hiyo mimi kila mchana nilikaa na kofia zangu karibu na mlango ule, ili akiita nimsikie.

Mnamo Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa tano na nusu asubuhi, nilimtuma Tahir apite kwenye wikio akapime waya. Nilitaka Bi Mwatum afungiwe feni, atumie sola yetu, kabla Ramadhani haijaingia. Nilimkataza Tahir asimwambie kitu, nilitaka kumshtukiza. Ndiyo maana Bakar hakujua fundi alifuata nini kule. Siri ilikuwa yangu, Tahir hakuwa na lake.

Tahir alirudi kwetu kabla ya adhuhuri. Bi Mwatum alikuwa mzima. Mlango ulikuwa wazi Tahir akipita, na nilimsikia kwa masikio yangu akimtania, "We fundi, usinitoboe ukuta huo, una umri kunshinda mie!"

Baada ya sala mume wangu alimzuia Tahir ale nasi. Tulikula wali kwa mchuzi wa samaki changu, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinavuma. Kwa sababu ya mgeni nilihama pale mlangoni, nikakaa upande wa pili nikipakua. Tulizungumza, tulicheka. Tahir hakutoka chumbani humo mpaka saa tisa, na alipotoka alishukia ngazi zetu, mume wangu akamsindikiza mpaka njiani.

Yanayofuata sikuyaona, nimeambiwa na jirani yetu Sichana, ambaye dirisha lake linaelekea wikio. Amenambia jana baada ya maziko. Anasema saa nane mchana alimuona Bi Mwatum amesimama mlangoni kwangu na bakuli mkononi, anajifuta jasho kwa ncha ya kanga. Akapiga hodi. Akangoja. Akapiga tena. Ya tatu, anasema Sichana, aliipiga kwa sauti ndogo. Halafu akageuka, akarudi kwake. Sichana alidhani hatupo. Mchukueni na yeye maelezo.

Alasiri nilipoona hakuja nilimfuata. Nilimkuta kwenye ngazi zake za kupandia chumbani, kichwa kimegonga ukingo, mwili haujapoa. Bakuli lilikuwa langu. Ijumaa nilimpelekea pilau ndani yake, na Bi Mwatum harejeshi chombo kitupu. Vileja alivyonipikia vilikuwa vimetawanyika ngazini.

Daktari atasema yake. Mimi nasema joto lilimzidi, akaanguka. Alipokuwa akipiga hodi, Tahir alikuwa amekaa mbele yangu ana tonge mkononi. Kama ni kuwekwa ndani kwa kutomsikia, basi sote tulikuwa mle.

Najuta. Mlango ule haukuwa umefungwa, angeusukuma kwa kidole ungefunguka. Najuta sikufikiri kuwa mpira unaozuia joto unazuia na hodi. Tangu juzi kiyoyozi sijakiwasha.

Niliyoyaona na niliyoambiwa nimeyatenganisha. Sina zaidi ya hayo. Tahir ana watoto wadogo, mwacheni aende kwao.

Sahihi ya shahidi: Nadra M. Hamdani

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Rahila, kama alivyoyatoa shahidi. Nimemsomea, amekubali kuwa ni sahihi. Naongeza kuwa shahidi aliingia ofisini bila ya kuitikiwa, mlango ukiwa umefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Nilipomuuliza sababu, alisema amepiga hodi tatu, hakusikiwa, akasukuma.