Tulivyompata Wakili Nyumba ya Baba Ikisubiri Mnada

Barabara ya Haddam,
Cleveland, Ohio.
14 Novemba 2009.

Mpendwa Kaka Roscoe,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko kambini, na baridi ya Ujerumani haijakurudishia kile kifua chako. Wifi Lynette na mapacha hawajambo? Sisi tunaendelea vizuri. Presha ya Baba imeshuka, anakula, na jana kanigombeza kwa kuchemsha mboga hadi zikawa uji, kwa hiyo ujue amepona.

Ulipopiga simu mwezi uliopita uliniuliza mbona sauti imenikauka. Baba alikuwa ameketi pembeni yangu, nisingeweza kusema. Sasa nakueleza.

Kaka, nyumba ilikuwa inakwenda mnadani. Ule mkopo aliochukua kutengeneza paa, riba yake ilipanda ghafla, marejesho yakamshinda. Benki ikamshtaki. Wito wa mahakama ulifika wakati wa kiangazi, siku chache kabla hajalazwa hospitali. Muda wa kujibu ukapita akiwa kitandani, na jaji akatoa hukumu ya upande mmoja. Alipotoka hakumwambia mtu. Unamjua Baba na aibu zake.

Mimi niliambiwa na jirani yetu, Bi Odessa, aliyeona tangazo gazetini. Alinipigia kazini. "Marvella, mnanadiwa nyumba na mmekaa kimya?"

Nikakimbia nyumbani. Nikamkuta Baba mezani na mwanamume wa suti ya kijivu, kalamu tayari imefunguliwa. Jina lake Tate. Alisema kampuni yake itailipa benki, Baba aweke sahihi kuhamisha hati ya nyumba, aendelee kuishi humo kama mpangaji, halafu ainunue tena mambo yakitengemaa.

"Sahihi moja tu, mzee wangu, ulale usingizi," akasema.

"Akishaiweka, nyumba inakuwa ya nani?" nikauliza.

"Ya kampuni, dada. Kwa muda tu."

"Muda gani?"

Akacheka. "Kumbe binti yako kasomea sheria!"

"Sijasoma. Ndiyo maana namtafuta aliyesoma."

Baba akawaka kwamba namvunjia heshima mbele ya mgeni. Lakini kalamu aliiweka chini, akamwambia yule bwana arudi Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatatu, na mnada ulikuwa wiki inayofuata.

Nilianza na wakili yule wa matangazo ya televisheni. Karani wake alinihakikishia ushindi kabla hata hajauliza ni benki gani, akataka malipo yote kwanza. Nikakata simu. Ofisi ya msaada wa kisheria ilikuwa na foleni mpaka barabarani. Dada wa mapokezi alinihurumia. Akasema, "Kabla hujampa mtu hela, hakikisha yumo kwenye orodha ya mawakili ya jimbo. Na mahakama ziko wazi. Nenda ukae, uwaone wakifanya kazi."

Basi nikaenda, nikakaa benchi la nyuma asubuhi nzima. Kaka, kuna mawakili waliokuwa wakiwauliza wateja majina yao pale pale mlangoni! Halafu akaingia mama mmoja mfupi, koti limechakaa viwiko, amemshika bibi kizee mkono. Bibi alipoanza kulia, yule wakili alimwomba jaji asubiri kidogo, akainama, akamnong'oneza hadi akatulia. Kisha akasimama kumhoji shahidi wa benki swali moja baada ya jingine, bila kupandisha sauti. Nikamfuata kwenye ujia. Anaitwa Irene Novak.

"Nina kesi mpaka kooni, mama," akaniambia, huku anatembea.

"Mnada wetu wiki ijayo."

"Pole. Kweli siwezi."

"Na Ijumaa kuna mtu anakuja kumsainisha baba yangu hati ya nyumba."

Akasimama. "Baba yako ameshasaini chochote?"

"Bado."

"Nina wateja wanaolala kwenye magari kwa sahihi kama hiyo. Nipe anwani."

Alhamisi alikuja. Baba alimpokea uso umefungwa kama mlango. Akamuuliza kama atashinda.

"Siwezi kukuahidi, mzee. Nitaomba hukumu itenguliwe kwa kuwa ulikuwa hospitali. Jaji anaweza kukataa."

"Mbona yule bwana anaahidi?"

"Kwa sababu yeye hatasimama mbele ya jaji."

Baba akaomba miwani. Alisoma mkataba wa wakili neno kwa neno, kazi atakayofanya na asiyofanya, na malipo ya kidogo kidogo, chai ikapoa, ndipo akasaini. Tate alipokuja kesho yake, Baba alifungua mlango bila kuondoa mnyororo. "Zungumza na wakili wangu," akasema. Nilimsikia akilirudia neno hilo jikoni, peke yake.

Siku ya mahakama, kabla ya mnada kufika, nilikaa nimemshika Baba mkono. Novak alitoa barua ya hospitali. Kisha akadai benki ithibitishe kwamba mkopo ule ni wake, maana Baba alikopeshwa na kampuni nyingine kabisa, si benki hiyo. Wakili wa benki akafunua jalada mbele, akafunua nyuma, asiione karatasi ya kuthibitisha. Jaji akaisoma tena barua ya hospitali, nikadhani tumekwisha. Kisha akasema hukumu imetenguliwa, mnada umefutwa, pande zote ziende kwa msuluhishi. Baba hakuelewa mpaka nilipomwambia sikioni.

Usuluhishi ulimalizika juzi. Riba imeshushwa, marejesho anayamudu kwa pensheni yake. Haikuwa rahisi, na bado tunadaiwa, lakini nyumba ni yetu.

Tulipotoka kwa msuluhishi, Novak akiwa bado ndani, kijana mmoja alikuwa ameegemea ukuta, samansi imekunjika mkononi, anatazama namba za milango. Nilitaka tupite, gari lilikuwa linatungoja. Baba akaniachia mkono. Baba, Kaka, asiyeuliza hata njia! Akamwendea.

"Ni nyumba?" akamuuliza.

Kijana akatikisa kichwa kukubali.

"Na mimi pia. Usisaini kitu, mwanangu. Kaa hapa, wakili wangu anakuja."

Wakaketi benchi moja.

Msalimie Wifi, na mapacha uwabusu kwa niaba ya babu yao. Bi Odessa na Shangazi Earlene wanakusalimu. Mungu akulinde zamu zako zote, akurudishe mlangoni petu ukiwa salama.

Mdogo wako asiyeacha kukuombea,
Marvella