Babu Zake Wamenuniana kwa Ajili ya Bendi ya Sweetgum, na Mtoto Akabaki Peke Yake

Mpendwa Bi Verlene,

Naomba msaada, na kabla ya msaada naomba unisamehe kwa kuchelewa, maana jambo lenyewe lilitokea joto likiwa bado kali na sasa watu wanavaa masweta, na barua hii nimeianza mara nyingi nikasinzia juu yake, si kwamba sina la kusema ila nikitoka kazini nina mtoto wa miaka miwili wa kuogesha na kulisha, na akilala yeye na mimi nalala hapohapo na viatu mguuni.

Mume wangu, Wade, yuko kwenye mtambo wa mafuta baharini, anakaa huko wiki kadhaa ndipo arudi. Mimi ni mpishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, napika uji mzito wa mahindi na mayai, na lazima niwe nimefika kabla jua halijatoka. Kwa hiyo mtoto wetu, Corrie, analelewa na babu zake. Baba yangu mzazi, Delmer, anakaa naye asubuhi, kwa sababu zamu yake kwenye duka la chakula cha mifugo inaanza mchana. Baba mkwe wangu, Hoyt, anatengeneza mashine za kukatia nyasi, na saa sita anafunga karakana anakuja kumpokea. Ndivyo tulivyoishi tangu Corrie aanze kutambaa, na sikuwa na malalamiko, maana wanampenda yule mtoto mpaka wanamharibu.

Sasa ili unielewe lazima niseme habari za ile bendi ya Sweetgum. Nadhani wewe unawakumbuka, mimi sikuwahi kuwaona, lakini kwetu ilikuwa kama dhehebu. Walikuwa na wapiga gitaa wawili wakubwa, Royce Pettus anasimama kushoto kwa jukwaa na Lamar Gandy anasimama kulia, na mashabiki nao walijigawa hivyohivyo, wa Pettus wanasimama kushoto na wa Gandy kulia, na hakuna aliyevuka. Baba yangu ni wa Pettus. Hoyt ni wa Gandy. Siku ya harusi yangu watu hawakukaa kanisani kwa upande wa bibi harusi na upande wa bwana harusi, shangazi zangu walio wa Gandy walienda kukaa na ukoo wa Hoyt, na wajomba wa Wade walio wa Pettus wakaja kwetu, mchungaji akapanga weee mpaka akachoka akasema haya, tuanze. Corrie alipozaliwa alikuwa na fulana mbili za Sweetgum kabla hajawa na nepi za kutosha.

Na kila Jumapili baada ya ibada walikaa barazani kwangu na karanga za kuchemsha na chai baridi, wakibishana jambo lilelile, onyesho la mwisho la bendi kule mjini Dothan. Nalijua kama nilikuwepo. Kwenye ule wimbo wao mrefu wa mafuriko, Pettus alikuwa anapiga peke yake, halafu anamtazama Gandy, anatikisa kichwa kumpa ishara, na Gandy anapokea. Jioni ile walikuwa hawasemezani tangu mchana. Pettus akamaliza sehemu yake akashusha mkono. Gandy alikuwa amegeuka nyuma kwa mpiga ngoma. Hakuna aliyepokea. Ngoma ikaendelea peke yake, watu wakashangilia wakidhani ni mbwembwe, na Pettus akavua gitaa akalilaza sakafuni akatoka, na bendi ikafa pale. Baba husema Gandy aligeuka makusudi. Hoyt husema Pettus hakutikisa kichwa. Walienda Dothan kwa gari moja, Bi Verlene, wakasimama pande mbili za ukumbi, na kila mmoja aliona nusu.

Ubishi huo ulikuwa raha yao. Ukawa ugomvi mwaka huu. Royce Pettus alifariki majira ya baridi, na baba alikwenda mazikoni, akaendesha gari saa nyingi na mgongo wake ule mbovu, na Gandy hakuonekana. Halafu kukatangazwa kwamba Gandy anakuja kwenye maonyesho ya kilimo ya kaunti yetu na vijana aliowaokota sijui wapi, na wanajiita Sweetgum. Hoyt akaja barazani na tiketi tatu mkononi, anacheka kama mtoto.

"Delmer, tunakwenda! Na Corrie nimemnunulia vya kuziba masikio."

Baba hakuzigusa. "Hiyo yako kampelekee Royce kaburini."

"Aa, usianze, bwana. Mtu akifa na nyimbo zife?"

"Zile nyimbo nusu ni zake. Yule mwizi anakwenda kupiga nusu ya marehemu, na wewe unamlipa."

"Mwizi! Delmer, kwani Royce alikuwa mjomba wako? Katika miaka yote ile alikuuliza hata jina lako?"

Nilikuwa mlangoni na bakuli la maganda na nilimwona baba mdomo ukimcheza. Akainuka, akasema, "Mjukuu wangu hatakanyaga huko," na Hoyt akajibu, "Ni mjukuu wangu pia, mzee, usijisahau," na tangu hapo hawajaketi pamoja.

Wakaanza kukwepana. Zamani Hoyt aliingia jikoni, wakanywa kahawa, wakatupiana maneno, ndipo baba akaondoka. Sasa wakapatana kupitia kwangu, na hapa ndipo kosa langu lilipo, kwamba Hoyt akifika apige honi barabarani, na baba akisikia atoke kwa mlango wa nyuma, wasionane. Niliona ni afadhali kuliko kelele mbele ya mtoto. Nilikuwa nimechoka, nilikubali.

Siku moja honi ililia, baba akachungulia Corrie amelala, akatoka. Haikuwa ya Hoyt. Ilikuwa ya bwana anayeleta gesi ya kupikia, ambaye hupiga honi ili mbwa wa jirani waondoke njiani. Hoyt alikuwa bado karakanani amechelewa na mteja, hana wasiwasi, anajua Delmer hawezi kuondoka bila kusikia honi yake. Corrie akaamka, akasukuma mlango wa wavu, akatoka. Bwana wa gesi alimaliza kujaza tangi nyuma ya nyumba akarudi kwenye lori aondoke, akamkuta amechuchumaa nyuma ya tairi, anaipigapiga kwa kiganja kama anambembeleza ng'ombe. Na ili litoke, lori lilikuwa lazima lirudi kinyumenyume.

Alinipigia simu kazini. Akasema, "Mama, usikimbie, mtoto ninaye hapa ngazini, anakula biskuti yangu. Mimi huwa natazama nyuma kabla ya kuwasha gari. Lakini mama, leo nilikuwa na haraka."

Nilipofika Hoyt alikuwa amekwisha kuja, na baba ameitwa kutoka dukani, na walikuwa uani wananyoosheana vidole.

"Hukungoja!" Hoyt akafoka.

"Ulichelewa!"

"Ungehakikisha ni mimi!"

"Kwani wewe si ndiye uliyetaka honi?"

Nikasimama na mwanangu kifuani nikasikia ni Dothan ileile, mmoja aliacha na mwingine hakupokea, na kila mmoja ana haki. Niliingia ndani nikapika maharage, wakala, kila mmoja upande wake wa baraza.

Tangu siku hiyo nakwenda na Corrie kazini, anakaa kwenye stoo kati ya magunia ya unga na midoli yake, na msimamizi wangu ni mtu mwema lakini amesema mwisho wa mwezi mtoto asionekane tena pale, la sivyo nitafute kazi nyingine. Babu zake nimewaambia Corrie ana mafua yasiyoisha. Wade sijamwambia lolote, atataka kushuka kwenye ule mtambo kwa helikopta ya kwanza, na tukipoteza kazi zote mbili tutakula nini. Siwachukii baba zangu. Lakini siwezi tena kuwaachia mtoto na siwezi kuishi bila wao.

Wote wawili wanasoma ukurasa wako gazetini kila Alhamisi, na wewe watakusikiliza kuliko mimi. Kwa hiyo naomba unitumie haya: maneno ya kuwaambia wazee yasiyovunja undugu, jina la mama wa kuaminika upande huu wa mto anayepokea watoto kabla ya mapambazuko, jibu la kama Wade aambiwe sasa au akisharudi nchi kavu, na unitumie kwa posta kabla hujachapa, bahasha nimeweka, stempu nimebandika.

Mama Corrie

*

Mpendwa Mama Corrie,

Barua yako haikuchelewa. Mtoto yu hai, msimamizi bado anakuvumilia, umeandika kwa wakati. Ila nimeisoma nikiwa nimeshika moyo, kisha nikaisoma tena nikiwa nimekasirika, na hasira nyingine ni juu yako wewe.

Nianze na pole. Unabeba nyumba, kazi na mtoto, na juu yake unabeba fahari ya wanaume wazima wawili. Hiyo ya mwisho itue chini leo. Mwanao alikuwa nyuma ya tairi, na wewe ukapika maharage! Ukawapakulia! Ulikuwa na haki ya kupiga kelele mpaka kanisani wasikie, na wao walikuwa wanastahili kulala na njaa. Badala yake ukawatungia uongo wa mafua, kwa hiyo hivi sasa kila mmoja yuko kwake anadhani kwamba kosa la mwenzake limesahaulika na lake halikuwepo. Unawahurumia kuliko unavyojihurumia.

Nawakumbuka Sweetgum, ndiyo. Nilisimama upande wa Gandy, nywele zimefika kiunoni, na nilikuwa na maoni makali kuhusu Dothan ingawa jioni ile nilikuwa nyumbani naumwa jino. Kwa hiyo sitakuamulia nani alikosa jukwaani. Wala wewe usijaribu. Wakianza hiyo mbele yako, chukua mtoto utoke.

Unataka niwaambie mimi kupitia gazetini yale ambayo hujawaambia wewe mezani. Sitafanya hivyo. Ukiwaacha wayasome Alhamisi pamoja na kaunti nzima, watajitetea, maana mtu akiaibishwa hadharani hana kazi nyingine. Nimekutumia jibu hili kwa posta kama ulivyoomba, na ukurasa huu nimeushikilia wiki mbili. Majina yenu nimeyabadilisha.

Waite wote wawili jikoni, si barazani, kusiwe na kahawa wala karanga. Wasimame ikibidi. Waambie kwa maneno yako mwenyewe mambo haya: lori lilikuwa lazima lirudi nyuma, bwana wa gesi alikuwa na haraka, na Corrie hajawahi kuwa na mafua. Usiongeze. Mmoja akimnyooshea mwenzake kidole, mwambie, "Baba, sijauliza nani." Lia ukitaka kulia. Hakuna maneno ya kuzuia machozi, na kwa nini uyazuie? Wayaone.

Kisha futa kupokezana. Kila babu achukue siku nzima, si nusu. Najua utasema duka, utasema karakana. Watu waliofunga kazi zao kwenda Dothan kusikiliza gitaa wanaweza kufunga kazi kumkalia mjukuu. Baba yako abadilishane zamu, baba mkwe wako abandike saa mpya mlangoni, wateja watazoea. Siku ambayo haiwezekani kabisa ila wapokezane, anayetoka hatoki mpaka mwenzake amemshika mtoto mikononi na amesema kwa mdomo, "Ninaye." Honi hapana. Asiyeweza kumsemesha mwenzake neno hilo moja hajawa tayari kulea, na umwambie hivyo bila kupandisha sauti.

Mpaka wawe tayari, yupo Bi Ruthanne, karibu na daraja la zamani. Nimezungumza naye. Anafungua mlango kabla ya mapambazuko, ana nafasi ya mtoto mmoja, na nambari yake ya simu nimeiweka kwenye bahasha. Mpelekee Corrie kuanzia Jumatatu. Usingoje mwisho wa mwezi ukute msimamizi amebadili moyo.

Kwenye maonyesho mtoto haendi, ana miaka miwili na spika zile ni kubwa kuliko jiko lako. Hoyt akitaka kwenda aende, Delmer akitaka kubaki abaki, na tiketi ya tatu, ile ya mtoto, wampe bwana wa gesi.

Na huyo baba yako, Mama Corrie. Alikwenda kumzika mtu ambaye hakuwahi hata kumuuliza jina, akarudi na mgongo wake, akakuta watu wanauliza kama yule alikuwa mjomba wake. Nimetafuta katika barua yako yote mahali ambapo mtu amemwambia pole, sijapaona. Mwambie wewe. Na Hoyt mwambie kwamba anadaiwa hilo neno, na alipe kabla ya kutia mguu kwenye uwanja wa maonyesho.

Lakini hao ni wa pili. Wa kwanza ni mumeo. Umemficha jambo la mtoto wake kwa kuogopa atakavyofanya, na huo ni uamuzi wake, si wako. Hatashuka kwa helikopta. Wanaume wa mitambo hupokea habari mbaya kila mwezi na huendelea na zamu wakijua kwamba nyumbani kuna mtu anayewaambia kweli. Akipiga simu Jumapili, usianze na hali ya bahari, usianze na Corrie amejifunza neno gani. Mwambie aketi, mwambie lori, mwambie honi, mwambie uliogopa. Halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Bi Verlene